Uzi: Nani anashika vipokezi vya kutuliza neva mahali pake? (Dawa ya malaria nayo imo)

Jakisumo

Wadau, hamjambo. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nafundisha vijana wa uuguzi na maabara hapa Kisumu. Tukifika kwenye somo la neva, daftari zao huishia pale pale: glisini au GABA (kemikali za kutuliza neva) inaachiliwa, kipokezi kinafunguka, kloridi inaingia, neva inatulia. Ni sahihi, na kwa mtihani inatosha. Lakini sijapata mwanafunzi anayeuliza kipokezi kilifikaje pale, na kwa nini kikishafika hakiondoki.

Angalieni vipimo. Pengo kati ya seli mbili za neva kwenye sinapsi ni kama nanomita 20. Glisini ikimwagwa humo hukaa kwa wingi wake muda mfupi mno, milisekunde hivi, kisha inasambaa na kufyonzwa. Kipokezi kilichosimama mikroni moja pembeni hakiambulii kitu. Na utando wa seli ni mafuta: protini iliyochomekwa humo huteleza popote. Ikiachwa ijiendee, vipokezi vitatapakaa juu ya seli nzima na vichache tu ndivyo vitakuwa mbele ya mdomo wa neva jirani. Seli itakuwa na vipokezi tele na bado haitulii.

Kwa hiyo lazima upande wa ndani kuwe na kitu cha kuvikamata. Katika sinapsi nyingi za kutuliza, kitu hicho ni protini ya kiunzi iitwayo gefirini. Ndiyo nataka tuizungumzie, kwa sababu nina hakika tunaielewa nusu nusu, na kwa sababu miaka ya karibuni imekutana na dawa ambayo kila nyumba ya huku ziwani inaijua.

Jakisumo

Naendelea. Gefirini haikutafutwa na mtu, ilidandia.

Mwaka 1982 kundi la Heinrich Betz kule Ujerumani lilikuwa likisafisha kipokezi cha glisini kutoka uti wa mgongo wa panya. Chambo chao kilikuwa strikinini, sumu ya mbegu za mti wa Strychnos nux-vomica, ambayo hung'ang'ania kipokezi hicho kwa nguvu kuliko glisini yenyewe. Waliifunga sumu kwenye punje ndani ya mrija, wakapitisha juu yake majimaji ya uti wa mgongo uliosagwa. Takataka zikapita, kipokezi kikanasa. Walipokibandua na kukipima, wakaona vipande vya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 48 na 58, ambavyo leo tunaviita alfa na beta. Pamoja navyo kila mara kulikuwa na kingine kizito cha kilodaltoni 93.

Mtu mvivu angesema ni uchafu, asafishe zaidi. Wao hawakukitupa. Mwaka 1985, Antoine Triller na wenzake wa Ufaransa walitumia kingamwili za maabara ya Betz chini ya hadubini ya elektroni. Wakaona kipokezi kimejikusanya sawasawa mbele ya mahali neva jirani inapomwaga glisini, na ile protini ya 93 iko chini yake, upande wa ndani wa utando. Baadaye ikajulikana kwamba inashikana na tubulini, yaani ile mifupa ya ndani ya seli. Jeni yake ilisomwa mwaka 1992 na ndipo ikapewa jina. Mwaka 1995 wakaonyesha inaposhika: kamba fupi ya asidi amino 18 hivi kwenye kipande cha beta, ile sehemu inayoning'inia ndani ya seli kati ya pitio la tatu na la nne la utando. Alfa haina kamba hiyo. Kipokezi cha alfa tupu hufanya kazi vizuri, kloridi inapita, ila hakina cha kushikwa nacho.

Mwanachuo_Maseno

Jaduong', kwani hii si PSD-95 tuliyosoma muhula uliopita? Au ni ndugu yake?

Jakisumo

Hata ukoo hawashiriki. PSD-95 nayo ni protini ya kiunzi, ila iko kwenye sinapsi za kuchochea, zile za glutameti. Ukitazama picha za elektroni utatofautisha bila hata kuuliza: sinapsi ya kuchochea ina utepe mnene mweusi upande wa mpokeaji, ya kutuliza ina utepe mwembamba hadi pande mbili zinakaribia kulingana. George Gray alizigawa hivyo mwaka 1959, kabla mtu yeyote hajajua protini zilizomo.

Gefirini ina maungo mawili makubwa, G na E, na kamba ndefu katikati. Vipande vya G hushikana tatu tatu, vya E mbili mbili. Kwa hesabu hiyo unaweza kufuma wavu mpana chini ya utando, na michoro mingi ya vitabuni inauonyesha umenyooka kama sega la nyuki. Mimi michoro hiyo naitazama kwa jicho moja. Ndani ya seli hai kamba ya katikati inachezewa mno, inabandikwa fosfati huku, mafuta kule, haiwezi kunyooka kiasi hicho. Kimeng'enya kimoja, GSK3 beta, kikibandika fosfati kwenye serini ya 270, mikusanyiko ya gefirini hupungua. Lithiamu wanayopewa wagonjwa wa akili huzuia kimeng'enya hicho, na kwenye seli za maabara mikusanyiko ikaongezeka.

MwalimuVihiga

Hapo nina shida. Kama ni wavu umefungwa kwenye tubulini, basi kipokezi kimepigiliwa. Sasa sinapsi inabadilikaje mtu akijifunza jambo? Nawafundisha watoto wa sekondari kwamba ubongo hubadilika, wasije wakaniuliza hili nikakosa la kusema.

Jakisumo

Mwalimu, hakijapigiliwa. Mwaka 2003 Triller huyo huyo, pamoja na Maxime Dahan na wenzao wa Paris, walibandika kwenye kipokezi kimoja kimoja cha glisini chembe ndogo sana inayong'aa bila kufifia haraka, wakakifuatilia kwa dakika nyingi juu ya seli hai. Nje ya sinapsi kipokezi kinakimbia. Kikiingia juu ya gefirini kinazubaa, kinazunguka mahali padogo, halafu baada ya muda kinachomoka na kwenda zake, na kingine kinaingia. Idadi ndani ya sinapsi inabaki karibu ile ile ingawa wenyewe wanabadilishana.

Wa Kisumu mmeona gugumaji kwenye Ghuba ya Winam. Linaelea, linanasa kwenye miti ya wavuvi pale Dunga, asubuhi ukiangalia kuna kijani pale pale, lakini si mmea ule wa jana. Ukiongeza miti linanasa zaidi, ukiing'oa linatawanyika. Sinapsi hubadilika kwa njia hiyo: seli haihitaji kutengeneza kipokezi kipya, inaongeza au kupunguza mahali pa kunasa.

MwalimuVihiga

Gugumaji linasukumwa na upepo. Kipokezi kinasukumwa na nini?

Jakisumo

Joto la mwili tu, molekuli zinagongana. Hakuna upepo na hakuna upande mmoja, ndiyo maana njia yake kwenye picha inaonekana kama mtoto amechezea kalamu.

Muuguzi_wa_Ahero

Mimi nasoma hapa nikiwaza wodi. Hivi vitu vikiharibika tunaviona vipi kwa mgonjwa? Pepopunda si inahusiana na glisini?

Jakisumo

Inahusiana sana, sista. Wacha nianze na mnachokijua wodini nirudi kwenye gefirini.

Pepopunda: sumu ya Clostridium tetani hupanda kutoka kwenye kidonda ikipitia ndani ya neva ya msuli hadi uti wa mgongo, inavuka na kuingia kwenye seli za kutuliza, na huko inakata sinaptobrevini, protini inayosaidia vifuko kumwaga glisini na GABA. Kipokezi ni kizima, gefirini ni nzima, ila hakuna kinachomwagwa. Taya linakaza, mgongo unapinda, mlango ukibamizwa mgonjwa anakakamaa.

Strikinini inaleta picha inayofanana sana ingawa njia ni nyingine: glisini inamwagwa vizuri, lakini mahali pake pa kukaa kwenye kipokezi pamezibwa.

Kisha kuna watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa kushtuka kupita kiasi. Mwaka 1993 ilijulikana kwamba wengi wao wana hitilafu kwenye jeni ya kipande cha alfa 1 cha kipokezi cha glisini. Wengine wana hitilafu kwenye beta, na wengine kwenye pampu inayorudisha glisini ndani ya neva. Mtoto anazaliwa amekakamaa kama ubao, akilala analegea. Ukimgonga kidogo kwenye ncha ya pua anaruka na kichwa kinarudi nyuma, tena na tena bila kuzoea. Mtoto mzima naye hukonyeza ukimgonga pua, ila baada ya mara chache anazoea.

Na mwisho kuna kushikwa kwenyewe. Mwaka 1998 walizalisha panya wasio na gefirini. Walizaliwa wakiwa hai, ukiwagusa wanakakamaa, na wote wakafa ndani ya siku ya kwanza. Seli zao za uti wa mgongo zilikuwa na vipokezi vya glisini vya kutosha. Vilikuwa vimetapakaa tu, hakuna hata kundi moja mbele ya sinapsi.

Muuguzi_wa_Ahero

Asante. Huyo mtoto wa kukakamaa, kuna kitu cha kumfanyia kabla daktari hajafika? Kuna kituo nilifanya kazi zamani, tuliwahi kupata mchanga wa namna hiyo, kila mtu akasema pepopunda ya kitovu, na mama alikuwa amechanjwa vizuri.

Jakisumo

Hatari kubwa ni pumzi kukatika wakati wa shambulio. Kuna mbinu ya daktari wa Italia, Federico Vigevano: unakunja kichwa na miguu ya mtoto kuelekea tumboni, kwa uthabiti, mpaka mkazo unaachia. Ni jambo la kufanya huku msaada unaitwa. Matibabu ya kawaida ni klonazepamu, ambayo inasukuma upande wa GABA ili kufidia upungufu wa glisini. Na kutofautisha na pepopunda: wa pepopunda kwa kawaida hunyonya vizuri siku mbili za kwanza ndipo anaanza kukaza na kushindwa kunyonya. Huyu mwingine amekaza tangu kuzaliwa.

Mwanachuo_Maseno

Umesema GABA. Vipokezi vya GABA navyo vinashikwa na gefirini?

Jakisumo

Vingi, si vyote. Kipokezi cha GABA-A cha kawaida kina alfa mbili, beta mbili na gama moja. Alfa 1, 2 na 3 hushika mfuko ule ule wa gefirini unaoshika beta ya glisini, ila kwa mkono legevu. Panya wasio na gama 2 hupoteza makundi, na gefirini yenyewe hutawanyika. Yaani wanashikana kwa zamu, huyu anamweka yule. Tena kwa panya wale wa 1998 baadhi ya makundi ya GABA yalibaki. Kwa glisini hakuna mjadala: bila gefirini hakuna kundi.

Kuna msaidizi anaitwa kolibistini. Gefirini ikiachwa peke yake ndani ya seli hufanya madonge katikati, mbali na utando. Kolibistini huipeleka ukutani, naye huamshwa na nyuroligini 2, protini inayotoboa utando na kushikana mikono na neva ya upande wa pili. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo wavulana ndio huumia zaidi: mwaka 2004 ilielezwa kwa mtoto mwenye kushtuka kupita kiasi pamoja na kifafa. La kushangaza, panya wasio na kolibistini hupoteza gefirini kwenye hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu), wanakuwa waoga na wazito wa kujifunza, lakini uti wa mgongo wao uko shwari. Kwa hiyo kila sehemu ya ubongo ina fundi wake wa kusimamisha kiunzi kile kile.

MwalimuVihiga

Nimesoma mahali kwamba gefirini ina kazi na madini ya molibdenamu. Ni kweli au ni zile habari za mtandaoni?

Jakisumo

Kweli kabisa, na ndiyo kazi yake ya zamani zaidi. Hata bakteria wa E. koli wana protini mbili zinazofanana na G na E, wala hawana neva. Kazi ni kuingiza molibdenamu kwenye kiambata ambacho vimeng'enya vichache vinakihitaji, kimojawapo kile kinachoondoa salfaiti mwilini. Kisipofanya kazi salfaiti hujaa na kuunguza ubongo wa mtoto mchanga, anapata mitukutiko isiyosikia dawa.

Ugonjwa huo una aina tatu. Aina A sasa ina dawa, fosdenopterini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021. Inampa mtoto malighafi ya hatua ya mwanzo anayoikosa. Aina C, ya jeni ya gefirini, haisaidiwi nayo kwa sababu mkwamo uko hatua ya mwisho kabisa: malighafi ipo, fundi hayupo.

DukaLaDawaKondele

Jakisumo, ulituahidi dawa ya malaria. Nimekaa na chai yangu hapa inapoa.

Jakisumo

Haya, daktari. Kenya iliamua mwaka 2004 kuhamia AL, na dawa ikafika vituoni 2006. Herufi L ni lumefantrini, na A ni artemeta, mtoto wa artemisinini, ambayo Tu Youyou wa Uchina alipata nayo Nobeli 2015. Mwaka 2017 maabara moja ya Vienna ilitafuta artemisinini inanasa protini gani kwenye seli za mwanadamu, na ikatokea gefirini. Mwaka 2019 kundi la Hermann Schindelin kule Würzburg likatoa picha za fuwele: artesuneti (ndugu wa artemeta) na artemeta yenyewe zimeketi kwenye ungo la E, ndani ya mfuko ule ule ambao kamba ya beta hushikia. Dawa ikikaa humo, kipokezi hakipati pa kushika sawasawa.

Kwangu hii ni zawadi kwa watafiti. Tuna dawa nyingi zinazogusa kipokezi chenyewe, diazepamu ikiwa mojawapo. Zinazogusa kiunzi hatukuwa nazo.

Section58

Kwa hiyo AL inakula ubongo! Mpwa wangu hapa Nakuru alitoka kwa babu yake Siaya, akapewa AL, usiku akashikwa na degedege. Sasa nimeelewa.

DukaLaDawaKondele

Pole kwa mpwa, ndugu, na natumaini amepona. Lakini usiondoke hapa na hilo. Malaria yenyewe huleta degedege kwa watoto, na mara nyingi ni usiku wa kwanza kabla dawa haijamaliza vimelea. Mtoto aliyeshikwa na degedege akiwa na malaria arudishwe hospitali, huenda ni malaria kali, na huko atadungwa artesuneti, ndugu wa dawa hii hii. Kumwachisha dawa ndiko kutamuua.

Huku dukani shida ninayoiona ni kinyume chake. Mtu mzima anapewa vidonge 24: vinne sasa, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Anakunywa siku ya kwanza, homa inashuka, pakiti inaingia kwenye droo kusubiri malaria ya mwingine. Tena anakunywa tumbo tupu, na ile lumefantrini bila mafuta kidogo ya chakula au maziwa haiingii vizuri mwilini.

Jakisumo

Naongezea moja kwa Section58. Wapo wanyama wa maabara waliodungwa artemeta ya mafuta kwa dozi kubwa siku nyingi, na shina la ubongo likaumia. Hilo limeandikwa tangu miaka ya 1990. Vidonge vya siku tatu si hivyo: dawa hupanda damuni na kushuka ndani ya saa chache. Picha ya fuwele inakuambia kitu kinaweza kuketi wapi, haikuambii kinafika huko kwa wingi gani ndani ya mtu.

Section58

Sawa, nimekusikia. Mtoto alipona, yuko shule. Ila mjomba wangu ana sukari na alitumiwa ujumbe kwamba AL inatibu kisukari. Hiyo imetoka wapi sasa?

DukaLaDawaKondele

Imetoka kwenye utafiti ule ule wa Vienna. Walidai artemisinini ikishika gefirini huimarisha ishara za GABA kwenye kongosho, na seli za alfa za huko (si ile alfa ya kipokezi) zinageuka kuwa za kutengeneza insulini. Mwaka uliofuata kundi lingine la Marekani lilirudia kwa makini na artemeta, halikuona seli zikigeuka. Mjomba aendelee na dawa zake za sukari. Wamekuja hapa watu wawili watatu kuulizia AL ya kisukari, nimewarudisha.

Mwanachuo_Maseno

Swali la mwisho Jaduong'. Kama kamba ya kushikia iko kwenye beta, kipokezi kimoja cha glisini kina beta ngapi? Noti zangu zinasema mbili, kitabu cha maktaba kinasema tatu.

Jakisumo

Vyote vimepitwa. Zamani tuliandika alfa tatu na beta mbili. Miaka ya 2000 ikageuzwa, alfa mbili na beta tatu. Mwaka 2021 makundi mawili tofauti yaligandisha vipokezi na kuvipiga picha kwa hadubini ya elektroni, moja likitumia vya nguruwe moja kwa moja kutoka uti wa mgongo, na yote mawili yakapata alfa nne na beta moja. Mkono wa kushikia ni mmoja tu. Maoni yangu ni kwamba hilo linaendana na yale ya 2003: anayeshika kwa mkono mmoja huachia kwa urahisi, na anayetaka kukaa lazima ajirani na wengine wengi walioshika.

Andika 4 kwa 1. Ila anayetunga mtihani wako huenda bado ana kitabu cha maktaba, kwa hiyo taja na zile mbili za zamani, kila moja na mwaka wake.